Kuta Ambazo Hazikujengwa

Kama ningerudishwa kwenye kiti kile, mchana ule, chai yangu imepoa na Karanja amesimama nyuma yangu mkono wake ukiwa juu ya kiti, ningesema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nilisema, "Sawa, mkubwa," nikaziacha kuta za ndani za jengo la Tassia zikiwa za mawe kwenye kompyuta, huku mchoro mpya ukiwa mezani pangu ukionyesha kwamba hakuna hata ukuta mmoja wa ndani utakaojengwa kwa mawe. Nikahifadhi faili. Kisha nikainywa ile chai ikiwa baridi hivyo hivyo.

Ninyi mnaobaki ofisini mliniomba niandike machache kuhusu kazi, hasa habari za zamani, na mmoja wenu akaniuliza ile alama nyeupe ukutani kwenye korido ilitoka wapi, pale ambapo rangi haikufifia kama kwingineko. Palikuwa na picha. Nitafika huko. Lakini sitaweza kuieleza bila kuanzia mbali, na mtanivumilia, kwa sababu siku hizi nikikaa peke yangu miaka hunijia ikiwa imechanganyika, kama sauti za watu walio chumba cha pili.

Niliingia ofisini kama mchoraji ramani. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mkono uliotulia, na shati moja jeupe ambalo mama aliliosha kila jioni na kulianika ndani ya nyumba yetu mtaani Jericho ili majirani wasijue ni moja. Siku ya kwanza nilipewa meza ndefu iliyoinama, kalamu za wino zenye ncha nyembamba kama sindano, na wembe. Wembe ulikuwa wa kukwangua makosa. Ukikosea mstari uliukwangua taratibu mpaka wino utoke, kisha ukaisugua karatasi kwa kucha ili isinyonye wino mwingine. Kabla ya saa sita nilikuwa nimevunja ncha ya kalamu na kutoboa karatasi. Mchoraji wa meza ya jirani aliliangalia lile tundu, akaniambia, "Umeongeza dirisha. Mwenye nyumba atashukuru."

Nimeukumbuka wembe ule mara nyingi. Hata ukwangue vizuri namna gani, ukiinua karatasi dhidi ya mwanga unaona mahali ulipokosea. Faili ya kompyuta haina kovu.

Kompyuta zilipokuja, wazee walizikimbia nami nikabaki nazo kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Ndipo akaja Injinia Muthoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyesoma ng'ambo na kurudi na programu ambayo wakati huo hakuna aliyeijua hapa kwetu. Alinieleza kwamba inapiga hesabu ya joto la jengo ambalo bado halijajengwa: unaipa kuta, madirisha, paa, watu na mwelekeo wa jua, unaipa hali ya hewa ya mwaka mzima ya Nairobi, nayo inakurudishia mstari unaopanda na kushuka, saa kwa saa, kuonyesha ndani kutakuwaje. Nilidhani ananitania. Nyumba bado ni nyasi na vigingi vya kontrakta, lakini tayari inaota mchana wake wa kwanza, na sisi tumekaa kando ya kitanda tunasoma ndoto hiyo.

"Anza na nyumba unayoijua," aliniambia. "Ya kwenu."

Nikaiingiza nyumba ya mama. Kuta za nje za mawe, paa la vigae, madirisha madogo ya vyuma. Kuta za ndani nikazitoa. Karibu kila anayeanza huzitoa, na najua baadhi yenu bado mnafanya hivyo mkiwa na haraka. Mtu huona ukuta wa ndani haupigwi na jua wala upepo, upande huu kuna hewa ya nyumba na upande ule kuna hewa ya nyumba ile ile, kwa hiyo hauna kazi. Ukiutoa, hesabu hukimbia haraka na unaenda nyumbani mapema.

Muthoni aliutazama mstari wangu. Ulikuwa unaruka kama mbuzi.

"Mama yako hupikwa hivi kila mchana?"

"Hapana, Injinia. Mchana huwa anajifunga shali."

"Basi aidha mama yako ni mgonjwa au wewe umekosea. Twende tukamwone."

Tulikwenda Jericho na kipimajoto kinachojiandikia chenyewe, tukakining'iniza kwenye msumari wa kalenda. Mama alituwekea chai na kumtazama Injinia kwa shaka. Alikuwa na hakika ametumwa na wenye nyumba za halmashauri kutafuta sababu ya kupandisha kodi.

"Mnapima nini?" akauliza.

"Joto, mama."

"Mkikuta liko, ni letu. Tulilikuta hapa."

Muthoni alicheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona ofisini. Kisha akanishika kiganja akakibandika kwenye ukuta unaotenga jikoni na chumba. Ilikuwa alasiri, nje jua linawaka, na ukuta ulikuwa baridi kama shingo ya mtungi. Tukakaa. Mama akasimulia ugomvi wa majirani wote, mmoja baada ya mwingine, kuanzia nyumba ya pembeni. Jua liliposhuka nyuma ya soko Muthoni akaniambia nishike tena. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

"Umekula mchana wote," akasema. "Sasa unacheua. Usiku mkifungua madirisha utapoa, kesho uanze tena na njaa. Hii ndiyo kazi yake. Wewe umeutoa kwa sababu hukuuona ukifanya kelele."

Tangu siku ile tuliuita uwezo huo uzito wa nyumba. Maneno ya vitabuni ni marefu zaidi, lakini uzito unatosha. Jengo lenye uzito hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Jengo jepesi hupokea kila kitu papo hapo, na halina pa kukiweka.

Nilirudi nikaziweka kuta za ndani, na kwa bidii yangu nikakosea upande mwingine. Kila ukuta una nyuso mbili, nami nikaingiza kila uso kwa unene kamili wa ukuta. Mstari ukalala kabisa. Nyumba ya mama ikawa haijui kama nje ni mchana au usiku. Muthoni aliuangalia muda mrefu.

"Umemzika mama yako kwenye handaki."

Akanifundisha kwa kidole juu ya vumbi la meza: nyuso mbili, mwili mmoja. Ukuta unapumua pande zote mbili, lakini mawe ni yale yale, kwa hiyo kila uso uupe nusu ya unene. Nilipofanya hivyo, mstari wa kompyuta na mstari wa kipimajoto ilikaribiana, ikapanda pamoja na kushuka pamoja kama watu wawili waliozoea kutembea njia moja. Sijui kama kuna furaha ya kazini inayozidi hiyo. Nilitoka ofisini nikatembea Jogoo Road yote kwa miguu, na kila jengo nililopita nililiona likipumua.

Yako mambo madogo niliyojifunza baadaye. Msisahau samani, lakini msizitegemee sana. Kabati la vitabu lina uzito. Godoro hujaza chumba lakini halitunzi joto la maana, wanaolala juu yake ndio wanaolitunza. Plasta ihesabiwe. Na dari ya bodi ikiwekwa chini ya slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya juu, slabu imefichwa. Ni kama haipo, hata kama ni nzito kiasi gani.

Rosa nilimpata miaka hiyo. Alikuwa fundi wa cherehani kwenye kibanda cha mabati Makadara, karibu na mahakama, na wateja wake wengi walikuwa watu waliochelewa kujiandaa kwa kesi zao. Walimletea suruali kupunguzwa, koti kubanwa, kifungo kurudishwa, huku wakiangalia saa. Alisema aliweza kujua nani amefanya kosa kwa jinsi alivyosimama wakati wa kupimwa kiuno. Nami alinipima suruali, akaniambia, "Wewe huna kesi. Wewe umekuja kuangalia."

Nilipomweleza kazi yangu, alinisikiliza huku akigeuza koti ndani nje.

"Kwa hiyo hizo kuta zako za ndani ni bitana," akasema.

"Bitana?"

"Hii. Hakuna anayeiona. Lakini koti lisilo na bitana halikai begani. Wateja huniambia nisiiweke wapunguziwe bei. Nikikubali, wiki ya pili wanarudi kunilaumu."

"Na wewe huwa unakubali?"

"Nawaambia waende kwa fundi mwingine."

Nilimwoa. Kwa miaka mingi, kila nilipomfundisha mtu mpya ofisini, nilitumia lile neno lake. Wenye umri kati yenu watakumbuka. Bitana, nilisema, weka bitana.

Muthoni alistaafu akaenda kulima nyanya kwao, upande wa mlimani. Siku ya kuondoka aliniachia kile kipimajoto. Aliniambia, "Kikidanganya, angalia betri kwanza kabla hujamlaumu mama yako." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Kisha likaja jengo la Tassia.

Karanja alikuwa ameshakuwa mkurugenzi. Alikuwa mtu mzuri, na ninaandika hivyo bila kejeli. Alijua majina ya watoto wetu. Mwenye ploti alitaka kujenga fleti ndefu, na benki yake ilitaka ripoti yetu ionyeshe kwamba watu wataishi humo bila feni wala hita. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kuta za ndani za mawe yaliyokatwa kwa mashine, na plasta pande zote. Nikaziingiza, nyuso mbili, mwili mmoja. Mstari ukatoka mzuri sana. Ulipanda kidogo alasiri, ukashuka kidogo alfajiri, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi wa haki.

Wiki chache baadaye ukaja mchoro wa pili. Kuta zote za ndani, hata zile za kutenga fleti na fleti, zilikuwa zimegeuzwa kuwa bodi nyepesi juu ya fremu za chuma. Sababu ilikuwa rahisi: kuta zikiwa nyepesi, nguzo zile zile zinabeba ghorofa moja zaidi. Nikaziingiza hizo bodi na kuendesha hesabu upya. Ghorofa ya juu ilipanda alasiri mpaka nikadhani nimekosea kuandika, na alfajiri ikadondoka. Nilikagua. Sikuwa nimekosea. Nikamwita Karanja.

"Mkubwa, kuta zimebadilika. Kule juu patakuwa na joto."

"Kuta za nje?"

"Za ndani."

"Madirisha yamebadilika?"

"Hapana."

"Paa?"

"Hapana."

"Basi ni ghorofa moja tu imeongezeka, Mzee Wafula, jengo ni lile lile. Mambo ya ndani ni ya ndani." Akaweka mkono juu ya kiti changu. "Benki wanataka ripoti Ijumaa. Waachie zile kuta za kwanza. Tutarekebisha kwenye toleo la pili."

"Na kama hakuna toleo la pili?"

"Kuna toleo la pili siku zote."

Hakunitisha. Ningependa kuandika kwamba alinitisha. Hakunipa kitu wala kuniahidi kitu. Aliuliza kwa upole, nami nilikuwa nimechoka, na ile picha ya kwanza ilikuwa nzuri, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka ndilo liwe jengo lenyewe. Nikasema sawa. Chini ya ripoti pakaandikwa "imetayarishwa na", na jina langu likafuata.

Jumapili ile Muthoni alinipigia simu, kama alivyozoea, kunieleza magonjwa ya nyanya.

"Na lile la Tassia? Kuta umeweka?"

"Nimeweka, Injinia."

"Nyuso mbili?"

"Nyuso mbili, mwili mmoja."

Akaguna kwa kuridhika. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli, kwa upande wa kompyuta.

Toleo la pili halikuja. Jengo likajengwa, wapangaji wakaingia, na ule mstari wangu mzuri ukachapishwa kwa rangi, ukawekewa fremu na kutundikwa kwenye korido ili wageni wauone. Ndiyo hiyo alama nyeupe. Kwa miaka niliupita kila asubuhi. Wageni walipokuja, niliitwa niueleze, nami niliueleza vizuri, pamoja na bitana, na watu walitikisa vichwa. Sijui ni mwaka gani nilianza kuuamini. Nadhani kosa hili ni la watu wa kazi yetu peke yetu. Fundi wa mawe hawezi kusahau alichojenga, kwa sababu alikibeba. Sisi tunakaa na picha ya nyumba muda mrefu kuliko tunavyokaa na nyumba, mpaka siku moja picha inakuwa ndiyo nyumba, na kule Tassia, kwenye lile jengo nililolitazama kwa mbali kila nilipopita, niliziona kuta za mawe. Ninasema kweli. Nilikuwa nikifumba macho naziona, na plasta yake.

Nilipokaribia kustaafu, mwenye jengo alikuwa anauza fleti kadhaa, na Karanja akanipatia nafasi ya kuchagua kabla ya wengine. Rosa alitaka mwanga wa kushonea. Mwanga uko juu.

"Kule juu hakutakuwa na joto, Baba Nekesa?" aliniuliza. Nekesa ni binti yetu, ambaye ameshaolewa na yuko Kisumu.

Sikumjibu kwa mdomo. Nilimleta ofisini Jumamosi moja, nikamsimamisha kwenye korido mbele ya fremu. Nikampitishia kidole kwenye mstari, hapa alasiri, hapa alfajiri. Alisogea karibu akasoma jina langu chini.

"Kama ni wewe umepiga hesabu," akasema, "basi."

Tukahamia.

Asubuhi za kule juu ni nzuri, sitazinyima haki yake. Jua huingia likiwa bado jekundu, na ndege zinazoshuka uwanjani Embakasi hupita chini chini, polepole, kama samaki wakubwa wasio na haraka. Rosa aliweka cherehani dirishani. Wiki ya kwanza aliimba.

Kisha yakaja majira ya jua. Kuanzia adhuhuri nyumba ilijaa joto kama vile mtu amelimimina kwa debe. Pini zilimchoma vidole. Kitambaa kilimganda mikononi. Alihamisha cherehani kutoka dirishani hadi katikati ya sebule, kisha mlangoni, kisha nje kwenye ukumbi wa ngazi, ambako alishona huku wapangaji wakipanda na kushuka wakimruka. Jirani yetu Shiro, msichana anayefanya kazi ya simu za wateja nyumbani, alitoka siku moja akajikalisha kwenye ngazi karibu naye.

"Mathe, hii keja ni jiko," akasema, nyumba kwao vijana ni keja. "Mimi mchana nakuwa chapo kwenye kikaango."

"Uliambiwa nini ulipohamia?"

"Niliambiwa ni jengo la kisasa. Eti limepimwa na kompyuta."

Rosa aligeuza kitambaa akaendelea kushona. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe.

Alfajiri ilikuwa kinyume. Tuliamka na baridi ya kutafuna meno, Rosa akivaa koti juu ya nguo ya kulala. Nilijaribu nilichofundishwa. Jioni nilifungua madirisha yote ili ubaridi uingie ndani na kukaa. Lakini ubaridi ulikuwa hauna pa kukaa. Ilikuwa kama kumimina maji kwenye chujio la chai. Nilibandika kiganja kwenye ukuta wa sebule, mchana na jioni, na ukuta haukuwa na la kuniambia. Ulikuwa na joto lile lile la hewa, kama kitu ambacho hakipo. Nilipiga hata hesabu ya kuongeza ukuta wa matofali ndani. Slabu isingeweza kubeba, kwa sababu ya ile ghorofa iliyoongezwa, ambamo ndimo tulimokuwa tunaishi.

Nikimwambia Rosa ni majira tu, alisema sawa. Mvua zikija patatulia, nikasema. Akasema sawa.

Ilikuwa alasiri. Alikuwa ameketi sakafuni mlangoni, anafumua bitana ya koti la mteja, mkasi mdogo unatembea kwenye mshono. Hakuinua kichwa.

"Baba Nekesa. Kwenye ile hesabu uliweka ukuta gani?"

Shiro alikohoa upande wa pili wa bodi, tukamsikia kama yuko kati yetu.

"Wa mawe," nikasema.

"Hizi ni bodi."

"Ndiyo."

"Walibadilisha baadaye, ripoti ikiwa imeshatoka?"

Hapo ndipo pangekuwa mlango wangu wa kutokea. Alikuwa ameniachia wazi, na nadhani aliniachia kwa makusudi.

"Kabla," nikasema. "Mchoro ulikuwa mezani."

Mkasi uliendelea kidogo, kisha ukasimama.

"Na siku uliyonipeleka kuona ile picha, ulijua?"

"Nilikuwa nimesahau."

"Mtu husahau mwavuli." Alilikunja lile koti magotini. "Unakumbuka nilikuambia nini kuhusu bitana? Mpaka ukaenda kuwafundisha watu kazini, ukarudi unafurahi, ukaniambia wameelewa?"

"Nakumbuka."

"Uliniuzia koti, ukaniambia lina bitana."

Nilianza kusema kuhusu joto, kwamba tungetafuta feni, kwamba tungeuza. Akanikatiza, bila kupandisha sauti.

"Joto ningelizoea. Nimeshona chini ya mabati Makadara tangu usichana. Mimi sikununua hii nyumba kwa sababu ya dirisha, Wafula. Niliinunua kwa sababu ya jina lililokuwa pale chini."

Hakuwa ameniita Wafula tangu siku aliyonipima suruali.

Baada ya siku chache dada yake Selina alikuja na mkokoteni, wakashusha cherehani kwa ngazi, wakipumzika kila ghorofa. Nilitaka kusaidia. Selina alisema, "Acha tu, shemeji, tumeizoea." Shiro alibeba meza ya kukatia. Rosa alinionyesha unga ulipo na jinsi ya kuwasha jiko lile linaloharibika, akashuka.

Nilikwenda ofisini nikamweleza aliyemrithi Karanja. Alinisikiliza vizuri. Fremu ikashushwa siku ile ile, na akaahidi kwamba hesabu itaendeshwa upya na wakazi waambiwe ukweli. Naomba mmoja wenu amkumbushe. Nilimpigia Muthoni pia. Nilimwambia yote, kuanzia Ijumaa ile. Kisha akasema, "Nyuso mbili," kwa sauti ndogo, akaniomba radhi kwamba ana wafanyakazi shambani. Bado hajapiga.

Rosa anaishi kwa Selina, Jericho, safu moja na nyumba ambayo ilikuwa ya mama. Mimi huenda kumtembelea alasiri, joto linaponitoa. Hanifukuzi. Huniwekea chai, huniuliza kama nimekula, hucheka nikimsimulia habari za Shiro. Cherehani yake iko chini ya dirisha dogo la chuma na inakimbia mchana kutwa. Mimi hukaa kwenye kiti kilicho kando ya ukuta wa jikoni, na wakati mwingine nikiwa nusu usingizini kiganja changu huenda chenyewe kwenye ukuta, na ukuta ni baridi, na kwa muda kidogo nakuwa kijana, mama anahesabu ugomvi wa majirani, Injinia anacheka, mistari miwili inatembea pamoja. Kisha ukuta unaanza kupata uvuguvugu, najua jua limeshuka nyuma ya soko, na kwamba saa yangu ya kuondoka imefika. Mara moja nilimwambia turudi. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alisema, "Chai imekutosha?" na nikaelewa.

Sasa mnaijua ile alama ya kwenye korido. Msiipake rangi upesi. Na niandike wazi jambo moja, kwa sababu nimeandika mengine yote kwa kuzunguka. Kazi haikunitoka kwa sababu ya uamuzi ule, wala malipo ya uzeeni, na jina langu bado linasomeka kwenye ripoti nyingi nzuri. Niliacha kuta za mawe kwenye jengo ambalo halikuwa nazo, nikamwonyesha mke wangu na akaniamini. Mke wangu yuko hai, yuko Jericho, na haishi nami.